Windows, Mac au Linux: kompyuta ipi ya nyumbani itakufaa hapa Dodoma?

Agosti hapa Dodoma ni mwezi wa upepo. Ukifuta meza asubuhi, saa saba mchana unaweza kuandika jina lako juu yake kwa kidole. Kompyuta yetu ya mezani ilikaa miaka karibu na dirisha la sebuleni, Ilazo, na siku fundi alipoifungua ubavuni, feni ya prosesa haikuonekana kabisa. Palikuwa na kitu kama kipande cha blanketi la kijivu. Akakishika kwa vidole viwili, kikatoka kizima.

"Dada, hii haijafa," akaniambia. "Imekosa hewa tu. Ila hata nikiisafisha, Windows 11 haiingii humu."

Maneno hayo ndiyo yaliyotuhamisha. Windows 10 iliacha kupewa huduma ya kawaida na Microsoft tarehe 14 Oktoba 2025, na mwaka wa ziada wa viraka vya usalama kwa watumiaji wa nyumbani unaishia Oktoba 2026. Mashine haizimiki siku hiyo. Itawaka kama kawaida, ila kila tundu jipya la usalama litakalogunduliwa litabaki wazi, na kompyuta ya nyumbani siku hizi ndiyo yenye benki, namba ya NIDA, picha za watoto na vyeti vya shule.

Leo nyumbani kwetu zipo tatu, kila moja ya aina yake. Mimi ninahariri na kutafsiri ripoti, ninatumia MacBook Air. Mume wangu ni mpima ardhi, ana ThinkPad yenye Windows 11. Ile ya mezani haikutupwa, ipo chumba cha watoto na imewekwa Linux, mfumo wa bure unaokaa mahali pa Windows. Nimeishi nazo zote chini ya paa moja, kwa umeme uleule na vumbi lilelile, kwa hiyo naweza kuzilinganisha bila kukisia.

Kazi kwanza, mashine baadaye

Watu wengi wanaoniuliza huanza na bei, halafu muonekano, halafu ndiyo kazi. Igeuze. Chukua karatasi, andika kila programu uliyoifungua mwezi uliopita, na mbele yake andika kama ni programu iliyosakinishwa au ni kitu unachokifungua ndani ya kivinjari.

Mtumishi wa umma anayefanya kazi Mtumba atashangaa jinsi orodha yake ya kwanza ilivyo fupi. ESS, mfumo wa mtumishi kujihudumia, ipo kwenye kivinjari. NeST, kwa wanaohusika na manunuzi, ipo kwenye kivinjari. Ritani za TRA, malipo, barua pepe, vivyo hivyo. Kwa mambo hayo Windows, Mac na Linux havina tofauti yoyote, na mtu asikutishe kwamba "mifumo ya serikali inataka Windows."

Tofauti inakuja kwenye programu zilizosakinishwa. Mume wangu hakuwa na cha kuchagua. ArcGIS Pro, programu ya ramani, inaendeshwa kwenye Windows peke yake, Civil 3D ya michoro ya ujenzi vilevile, na mji huu unaopimwa viwanja kila kukicha una watu wengi kama yeye. Wanafunzi wa Chuo cha Mipango wanaosoma mambo ya ramani wajue hilo kabla hawajamshawishi baba anunue Mac. QGIS, ambayo nayo ni ya ramani na ni ya bure, inafanya kazi kote, na ukipewa uhuru wa kuitumia mlango unafunguka. Lakini mwalimu akifundisha kwa ArcGIS Pro, utafuata ArcGIS Pro. Kuna njia ya kuendesha Windows ndani ya Mac kwa programu kama Parallels. Ipo, na inafanya kazi kwa mambo mepesi, ila simshauri mtu anunue Mac kwa kuitegemea hiyo kazi ya kila siku, hasa yenye RAM, yaani kumbukumbu ya kufanyia kazi, ya GB 8.

Wenye maduka wanaotumia Tally, programu ya hesabu za biashara, nao wabaki Windows. Anayetegemea Access, programu ya Microsoft ya hifadhidata, abaki Windows. Excel ipo kwenye Mac na ni nzuri, ila haina Power Pivot, zana ya kuchambua data nyingi, na majedwali ya ofisini yenye vitufe vya ActiveX, teknolojia ya Windows, hayafanyi kazi huko. Kama jedwali lako la bajeti lilitengenezwa na mtu wa TEHAMA na lina vitufe vya kubonyeza, liombe, lijaribu kwenye Mac ya mtu mwingine kabla ya kutoa fedha yako.

Mimi jambo hili lilinifundisha wifi yangu. Ana steshenari, anatengeneza kadi za michango ya harusi na kipaimara kwa Publisher, programu ya Microsoft ya kupanga kurasa, na mara nyingi hunitumia nimsahihishie maneno. Wiki ya kwanza ya Mac yangu alinipigia: "Wifi, mbona hujanirudishia kadi? Bwana harusi yupo hapa anasubiri." Sikuwa nimeirudisha kwa sababu haikufunguka. Publisher haipo kwenye Mac. Nikaenda kwenye mashine ya watoto, nikaifungua kwa Draw ya LibreOffice, programu za ofisi za bure, mpangilio ukiwa umevurugika kidogo lakini maneno yakisomeka, nikasahihisha kwa simu huku yeye akiandika. Tangu siku ile ananitumia PDF.

Ndiyo maana nasema kompyuta huichagui peke yako. Unaichagua pamoja na watu unaobadilishana nao mafaili.

Windows 11 kwenye laptopu iliyotumika

Kwa familia nyingi hapa mjini nitasema bila kuzunguka: laptopu ya kiofisi iliyotumika, yenye Windows 11 halali, ndiyo chaguo la kwanza. Fundi yupo kila kona, chaja ipo, kibodi ya kubadilisha ipo, na mtoto akienda chuo atakuta wenzake wana kitu hichohicho.

Ila hapa ndipo watu wanapopigwa. Microsoft inataka prosesa ya Intel ya kizazi cha 8 au cha baadaye, chipu ya usalama iitwayo TPM 2.0 na RAM isiyopungua GB 4. Muuzaji atakuambia "i5 hii, dada, nzito," na kweli ni i5, ila i5 zipo tangu zamani. Soma namba. Tarakimu zinazofuata kistari ndizo zinazotaja kizazi: i5-7200U ni cha 7, haipokelewi, i5-8250U ni cha 8, inapokelewa, i5-10210U ni cha 10. Kwenye mashine za kiofisi zinazoingia kwa wingi kutoka nje, mstari unapita hivi: HP EliteBook 840 G4 iko nje, G5 iko ndani. Dell Latitude 7480 iko nje, 7490 iko ndani. ThinkPad T470 iko nje, T480 iko ndani, ingawa hata kwenye hizo zilizo ndani usome namba, maana baadhi zilitoka na prosesa ya kizazi cha 7. Kwa macho zinafanana kama pacha. Bei nayo huwa haipishani sana, na ndiyo inayomfanya mtu achukue ile ya nje bila kujua.

Wapo mafundi wanaoipitisha Windows 11 kwa nguvu kwenye mashine isiyokidhi. Itawaka, na utafurahi wiki mbili. Microsoft haikuhakikishii masasisho kwenye mashine hiyo, na masasisho ndiyo sababu ya sisi kuhama. Kuhusu Windows ya kukraki sitasema mengi: ile programu ya kukraki unaipa funguo zote za nyumba, na hujui aliyeitengeneza. Laptopu nyingi za kiofisi zilizotumika tayari zina leseni ya Windows Pro iliyofungwa kwenye madabodi. Ukiweka Windows safi na kuiunganisha intaneti, inajitambua yenyewe. Mwambie fundi ajaribu hivyo kwanza.

Faida nyingine ya laptopu hizi ni kwamba zinafunguka. Ile ya mume wangu tuliinunua na RAM ya GB 8, miezi mitatu baadaye tukaongeza kipande kingine ikawa 16. Betri ya nje ya T480 inachomolewa kwa mkono. Ramani zikianza kuwa nzito, unaongeza kidogokidogo kadiri mfuko unavyoruhusu, na hivyo ndivyo nyumba zetu nyingi zinavyokwenda.

Mac

Nimeipenda yangu, na ninaiandikia makala haya, kwa hiyo nipime maneno yangu.

Apple ilianza kuhama kutoka Intel mwishoni mwa 2020 ilipotoa M1, prosesa yake yenyewe. Kuanzia hapo mambo mawili yakabadilika kwa mtu wa Dodoma. La kwanza, MacBook Air haina feni kabisa. Hakuna kinachovuta hewa ya nje kuingia ndani, kwa hiyo lile blanketi la kijivu halina mahali pa kufumwa. La pili, betri. Apple wenyewe hutaja saa 15 za kuperuzi kwa M1. Kwa kazi yangu ya Word na kivinjari, ninaanza saa mbili asubuhi na umeme ukikatika saa nne, sijui habari zake mpaka nisikie friji la jirani limenyamaza.

Sasa upande wa pili. RAM imeunganishwa moja kwa moja, huongezi hata kidogo baada ya kununua. Ukichukua ya GB 8 utakufa nayo ikiwa na GB 8. Kioo kikivunjika, hesabu inaweza kukaribia bei ya laptopu nyingine, na mafundi wenye vipuri vyake hapa ni wachache. Mara nyingi inapelekwa Dar es Salaam. Mtu asiyeweza kumudu pigo moja kama hilo asiingie.

Usinunue Mac ya Intel. Zimejaa sokoni, zinang'aa, na bei yake inavutia kuliko M1. Tahoe, mfumo uliotoka 2025, ni wa mwisho kuzikubali, na hata huo unazipokea chache tu. Zaidi ya hapo, MacBook nyingi za kati ya 2015 na 2019 zina kibodi ya kipepeo, ile nyembamba ambayo chembe moja ya mchanga ikiingia chini ya kitufe, kinakwama au kinaandika herufi mara mbili. Apple ililazimika kufungua mpango wa kuzitengeneza bure mwaka 2018. Ile ni kibodi ya kutengenezwa mahali pasipo na Agosti yetu.

Halafu kuna kufuli. Jirani yetu mmoja aliagiza MacBook kwa picha za simu, ikaja na basi ikiwa imefungwa vizuri kwenye boksi. Ilifanya kazi mwezi mzima. Alipoifuta aanze upya, ikadai nywila ya mtu aliyekuwa nayo kabla, mtu asiyemjua, na muuzaji akaacha kupokea simu. Mpaka leo ipo kabatini. Mac yenye kufuli la akaunti ya mmiliki wa zamani, au iliyobaki chini ya usimamizi wa kampuni, ni sinia la bati. Njia ya kujikinga ni moja: ifutwe mbele yako, iwashwe upya, iunganishwe Wi-Fi, na uingize akaunti yako mwenyewe kabla hela haijatoka. Mimi nilipanda treni ya SGR asubuhi, nikaifuta dukani Kariakoo muuzaji akiniangalia kwa kununa, na jioni nikarudi nayo. Nauli ile siijutii.

Nitaje na Mac mini, kwa kuwa wengine wanataka kitu cha mezani. Ya M4, iliyotoka Novemba 2024, inaanza na RAM ya GB 16, na ilitangazwa Marekani kwa dola 599 kabla ya usafiri na kodi. Ni mashine nzuri mno kwa fedha hiyo. Ila haina betri, kwa hiyo ongeza UPS, betri ya akiba umeme ukikatika, na kioo kwenye hesabu, na usipoweza UPS, usiichukue.

Fleshi

Hili dogo lilinitesa kuliko yote. Usiku mmoja nilikuwa nimemaliza ripoti ya kurasa tisini, mteja anataka nakala tano zilizojalidiwa asubuhi, na steshenari niliyoizoea haipokei barua pepe. Nikachomeka fleshi yangu ya siku zote. Mac ikaifungua, nikaona mafaili yangu yote ya zamani. Nikaburuta ripoti niiweke, ikakataa. Nikajaribu tena, ikakataa.

Fleshi ilikuwa imefomatiwa NTFS, mtindo wa Windows. Mac inausoma lakini haiandiki juu yake. Ilibidi nihamishe kila kitu kwenye Mac, niifomati upya kwa exFAT, ndipo iandikike kote kuwili. Dakika ishirini, kama unajua. Mimi sikujua, ikawa saa mbili na nusu. Unayehama leo, fanya hivyo siku ya kwanza. Na uweke fleshi nyingine ndogo ya FAT32 pembeni, kwa sababu mashine nyingi kubwa za kopi zinazochapa moja kwa moja kutoka kwenye fleshi zinautaka mtindo huo.

Printa ya zamani nayo iulize kabla. Nyingine hazina programu ya Mac mpya, na modemu za USB zilizokuja na programu yake ndani zinakuwa pambo tu. Hotispoti ya simu inamaliza hilo.

Umeme, kwa hesabu ya LUKU

Kompyuta ya mezani ya zamani pamoja na kioo chake inaweza kula wati 120. Ukiitumia saa tano kwa siku, hiyo ni uniti 0.6, yaani uniti 18 kwa mwezi. Laptopu, iwe ThinkPad au Mac, kwa wastani wa wati 20, inakula uniti 3. Tofauti ni 15. Aliye kwenye kundi la matumizi madogo la TANESCO, lenye ukomo wa uniti 75 kwa mwezi, hiyo ni sehemu ya tano ya mwezi wake mzima. Kwa nyumba ya namna hiyo, kuhamia laptopu ya aina yoyote ni uamuzi mkubwa kuliko kuchagua kati ya Windows na Mac.

Linux kwa ile isiyokubalika tena

Ile ya mezani tuliipuliza vumbi, tukatoa diski ya kuzunguka tukaweka SSD, diski ya kasi isiyozunguka, tukasakinisha Linux Mint, mojawapo ya matoleo ya Linux. Ikawa kama imezaliwa upya. Mint 22 itapokea viraka hadi 2029, bila kulipia leseni na bila kukraki chochote. Inataka RAM ya GB 2 kwa uchache, ingawa 4 ndiyo unapumua. Watoto wanacheza michezo ya kujifunza ya GCompris, wanaandika insha kwenye LibreOffice, wanatazama masomo. Virusi vya fleshi vinavyozunguka kwenye steshenari, vilivyoandikwa kwa ajili ya Windows, havina pa kushika humo.

Nina mapenzi na upande huu kwa sababu ya lugha pia. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux, uliokihusisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa Jambo OpenOffice, programu nzima ya ofisi kwa Kiswahili, miaka ambayo wengi wetu hatukuwa na kompyuta. Hiyo iliwezekana kwa kuwa programu ilikuwa wazi, mtu yeyote angeweza kuitafsiri bila kuomba ruhusa.

Lakini sitamkabidhi Linux mtu anayepeleka nyaraka za Word kwa bosi. Fonti za Calibri na Cambria hazimo, zinawekwa mbadala zenye upana uleule, na bado jedwali linaweza kuruka ukurasa. Mimi mhariri naliona hilo upesi. Bosi naye ataliona.

Chromebook, laptopu zenye mfumo wa Google, nitapita haraka. Ni nzuri kwa nyumba yenye intaneti isiyokatika, na kila moja ina tarehe ya mwisho ya masasisho, kwa zilizotoka tangu 2021 ni miaka 10 tangu aina yake itoke. Zinazouzwa rahisi nyingi zimeshakula zaidi ya nusu. Kwa nyumba ya bando la wiki, sizipendekezi.

Bando lenyewe halina budi kutajwa: kuhamia toleo jipya la mfumo wa Mac ni upakuaji wa GB kumi na zaidi. Kwenye Windows, weka Wi-Fi ya simu kuwa mtandao wa kulipia kwa kipimo, itaacha kupakua mizigo bila kuuliza. Mac ina hali ya kupunguza data. Mint inakuonyesha orodha, unachagua mwenyewe.

Wiki ya kuhama

Usiuze ya zamani siku unayoleta mpya. Sisi tuliziacha zikae pamoja mwezi mzima, na mara tatu nilirudi kutafuta kitu: anwani zilizokuwa ndani ya Outlook, leseni ya kamusi, na folda ya picha za bibi ambayo mtu aliiweka kwenye diski D bila kumwambia yeyote. Nakili kila kitu kwenye diski ya nje ya exFAT, halafu zifungue faili kumi bila mpangilio uone kama kweli zinafunguka. Kwa Mac, vidole vitachukua wiki mbili kuhama kutoka Control kwenda Command. Kwa Linux, siku moja.

Na popote utakapoiweka, isiwe chini ya dirisha. Funika kwa kitenge ikiwa imezimwa na imepoa. Ya mezani ifunguliwe ipulizwe mara mbili kwa mwaka, mara moja Novemba kabla ya mvua, mara ya pili Julai upepo unapoanza. Fundi wetu amekwisha kuandika miezi hiyo kwa kalamu ya rangi ubavuni mwa kasha.